Asubuhi Tatu za Bi Khamisa

Rangi ilitoka nyekundu kama tofali lililochomwa vizuri.

Muuguzi Mastura alikiinua kile kichupa chembamba kwenye mwanga wa dirisha, akakiteremsha, akakiinua tena. Hakuwa na haja ya kutazama mara mbili, kwani wodi nzima ya wanaume ilikuwa imeshaona. Hata Karisa wa Ganda, aliyelala kitanda cha pili na plasta mguuni hadi pajani, alikohoa kikohozi cha mtu anayetaka ijulikane kwamba naye ameona.

"Juzi kijani, jana kijani," Mastura alisema. "Leo hii. Mama, Mzee amekula nini?"

Bi Khamisa alikaa wima kwenye kiti cha mbao, buibui limemzunguka, mkoba mapajani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho ya kupima watu, na kwa siku tatu alikuwa akimpima Mastura bila ya kuchoka.

"Amekula chakula chenu," alijibu. "Kama kimemharibu, waulizeni wapishi wenu."

Kitandani, mumewe Mzee Fumo aliyakaza macho kwenye dari kama mtu anayehesabu boriti.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kila alfajiri unatia dawa ya buluu kwenye kichupa, unadondosha matone manane ya mkojo wa mgonjwa, unachemsha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, mkojo hauna sukari. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Ikiwa tofali, jihadhari. Halafu unachemsha sindano, unavuta insulini mpaka alama uliyoambiwa, unatoa hewa, unamdunga. Mastura alikuwa ameiweka sheria yake, na daktari akaikubali: mgonjwa wa sindano hatoki wodini mpaka mtu wa nyumbani kwake afanye yote hayo kwa mikono yake, mbele ya Mastura, asubuhi tatu mfululizo, na rangi isipite kijani. Asubuhi za Bi Khamisa zilianza Jumapili. Leo Jumanne ilikuwa ya tatu.

"Tunaanza upya kesho," Mastura alisema.

"Unaanza upya nini?"

"Asubuhi tatu. Kesho, Alhamisi, na Ijumaa."

Bi Khamisa akasimama. "Alhamisi ni dua ya mume wangu! Shemeji zangu wametoka Faza kwa ajili yake. Nimeshaalika mtaa mzima wa Shela. Niwasomeshe watu dua ya kumshukuru Mungu kwa mgonjwa kurudi nyumbani, na mgonjwa mwenyewe yuko kwenu amelala?"

"Mama, mimi sina nguvu juu ya hii rangi."

"Una nguvu juu ya kalamu! Siku tatu mimi mwanamke mzima nimedunga machungwa ya kujifunzia mbele ya watu kama mtoto wa chuoni. Nimekwambia nimefahamu. Nimefahamu, nimefahamu. Wataka nini zaidi?" Akaushika mkoba wake. "Na ndiyo maana namwambia mwanangu Gharib kila siku. Mke ni mtu wa kukaa na nyumba yake. Huyu leo zamu ya usiku, kesho ya mchana, mikono yake inaosha waume asiowajua kwa jina. Ndiye nimtie ndani?"

Maneno yalitua katikati ya wodi, kila mtu akayasikia. Mastura alihisi uso ukimchoma, lakini mikono yake iliendelea kufunika chupa ya insulini, polepole, kama kwamba hakuna lililosemwa.

"Kesho saa kumi na mbili na nusu, Mama," alisema. "Usichelewe."

*

Gharib alimkuta kwenye baraza ya nyuma, penye masinki ya kuoshea vyombo. Alikuwa amepata ruhusa ya siku chache kwenye hoteli ya Watamu ambako ndiye fundi wa jenereta, na alikuwa bado ananukia dizeli. Kucha zake hazikutakata hata asugue vipi. Mastura alizipenda kucha zile, na hakuwahi kumwambia.

"Umemfanya nini mamangu?"

"Nimemfunza."

"Amerudi nyumbani analia."

"Kwa hasira au kwa huzuni?"

"Kwa hasira."

"Basi hajambo."

Gharib alitaka kucheka, akajizuia. Alikuja karibu, si karibu sana, kwa kuwa dirisha la wodi lilikuwa wazi na Karisa hakuwa na kazi nyingine ila kusikiliza. Macho yao yalikutana, na kwa muda huo mdogo Mastura alisahau kwamba alikuwa ameshika ndoo.

"Unajua kitakachofuata baada ya dua," Gharib alisema kwa sauti ya chini. "Miezi mitano namshika ami yangu mkubwa miguu. Amekubali. Wazee wakishakula watakaa, watazungumza juu ya posa, juu ya kuja kwenu Mambrui. Mama hakutaka, lakini mbele ya ami asingepinga."

"Najua."

"Baba asipokuwepo dua haipo. Dua isipokuwepo wazee wanarudi Faza, na mama anapata neno la kusema mpaka tuzeeke: huyo hajaolewa bado, na ameshatutawala." Akavuta pumzi. "Andika karatasi leo, Mastura. Mimi nitamdunga baba mwenyewe."

"Wewe uko Watamu siku sita kwa wiki."

"Basi mama. Mwenyewe amesema amefahamu."

Mastura aliiweka ndoo chini. Alipoanza kusema, sauti yake haikupanda.

"Ami yangu Abdalla alikuwa na sukari. Alipotoka hospitali walitueleza kila kitu mara mbili, na sote tulisema tumefahamu. Wewe unatujua watu wa huku. Hatumwambii mtu aliyevaa koti jeupe kwamba hatukufahamu. Tunaona haya, na tunaona ni kumvunjia heshima. Shangazi alitikisa kichwa vizuri sana. Siku ya nne akalijaza bomba la sindano mpaka juu, akamdunga, akaenda kumtengenezea chai. Alivyorudi na chai, ami hakuamka. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nami nilikuwepo siku ile. Nami nilisema ndiyo."

Gharib alizitazama kucha zake.

"Kwa hiyo mimi ndiyo ya mtu siitaki. Nataka nione mikono."

"Hata kama ni kwa ajili yetu?"

"Hasa kwa ajili yetu! Unataka niingie nyumba ya babako, nimtazame kila siku anavyokula, nikijua nilimtoa hospitali ili niolewe mimi?"

"Unajivuna, Mastura."

"Najivuna. Kazi yangu naijua." Akaichukua ndoo yake. "Kama posa yangu inangoja karatasi ya babako, isije."

Aliyasema, na alipoyasikia yakitoka aliogopa. Lakini hakuyarudisha. Gharib alimtazama kwa muda mrefu, kwa macho ya mtu anayesoma barua mara ya pili akitumai maneno yamebadilika. Kisha akageuka, akapita kwenye lango la nyuma, akaondoka.

Mastura aliosha vichupa kwa sabuni nyingi kuliko ilivyohitajika. Hakulia. Alilia baadaye, bafuni, dakika mbili tu, kisha akanawa uso akaenda kupima watu joto.

*

Jumatano saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano Bi Khamisa aliingia wodini. Hakumtazama Mastura.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," alijibu, kwa kuwa adabu ni adabu hata kwa mtu usiyetaka kumwona.

Alikuwa hajakaa bado, mlango ukafunguliwa tena. Alikuwa Gharib, hakulala vizuri, macho mekundu, kwapani amebana chupa ya chai yenye maua, ile inayohifadhi moto. Akaja moja kwa moja mpaka kitandani, akaiweka chupa juu ya kabati dogo la babake.

"Mastura, umeuliza jana baba amekula nini. Hakula kitu. Alikunywa." Akafungua kifuniko. "Hii si chai. Ni madafu. Juzi nilileta saba kutoka Watamu, na mama akayatia humu. Leo nimeambiwa nilete mengine."

"Gharib!" Bi Khamisa alisema.

"Nimeshindwa kunyamaza, mama. Yeye amesema hapana mbele yangu, akijua itamgharimu nini. Mimi nimebeba madafu na nikanyamaza."

Mzee Fumo akafumba macho, akitumai watadhani amelala.

"Haya, madafu! Ni kosa?" Bi Khamisa akasimama katikati ya mwanawe na kitanda. "Mtu ana kiu usiku na mchana. Mkojo unamtoka mara kumi. Dafu linasafisha kibofu, kila mtu anajua. Mama yangu alitupa, bibi yangu alitupa. Maji ya Mungu hayo, hayajatiwa kijiko cha sukari hata kimoja. Nimemnyima halua, nimemnyima tende, nimemnyima mahamri ya asubuhi, na yeye mahamri ndiyo maisha yake! Dafu nalo nimnyime?"

Mastura alikuwa na maneno mengi ya kujibu, na yote yalikuwa ya kweli. Badala yake alichukua kichupa safi, akatia dawa ya buluu, akawasha taa ya spiriti, akamsogezea Bi Khamisa.

"Tusibishane, Mama. Uliulize mwenyewe. Matone manane."

"Ya nini?"

"Ya dafu."

Bi Khamisa aliwatazama wote kama watu wenye wazimu. Lakini mikono yake ilikuwa imeshajua njia. Ilivuta maji ya dafu, ikadondosha tone moja moja, na midomo yake ikahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka nane. Akakishika kichupa kwa kibano, akakipitisha juu ya moto akikitikisatikisa, kama alivyofunzwa, mdomo wa kichupa ukiwa mbali na watu.

Buluu ikawa kijani. Kijani ikawa manjano. Kabla hajamaliza kuvuta pumzi, rangi ikawa tofali, nzito kuliko ile ya jana.

Wa kwanza kusema alikuwa Karisa.

"Lo! Na mimi alinigawia bilauri mbili."

"Wewe umevunjika mguu tu," Mastura alimwambia. "Kunywa."

Bi Khamisa aliendelea kukishika kile kichupa hata baada ya kukitoa motoni. Alikitazama, kisha akamtazama mumewe, na ule uso wa kupima watu ukaanguka.

"Miaka thelathini na moja namlisha mtu huyu," alisema. "Kwa mikono hii."

Mastura akachuchumaa mbele yake. "Mama, nisikilize. Nilipokufunza nilikutajia wali, mkate, tende, halua, soda. Dafu sikulitaja. Mimi mtoto wa Mambrui, nimekua kwa madafu, na nikasahau kulitaja. Hilo ni kosa langu, si lako." Akainuka, akaenda kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, ile ya vyakula vya kuepuka, akatoa kalamu na kuandika chini kwa herufi kubwa: MADAFU. "Mtu mwingine halitampata."

Bi Khamisa alifuta uso kwa ncha ya buibui. Kisha akafanya jambo ambalo Gharib alikuja kulisimulia mara nyingi: alilivua buibui lile, akalikunja, akampa mwanawe alishike, akabaki na kanzu yake na mtandio wa kichwani, mikono amekunja mpaka viwikoni.

"Haya. Leo ni ya kwanza?"

"Ya kwanza, Mama."

"Kesho ya pili, Ijumaa ya tatu. Nipe mkojo wa mume wangu."

"Na dua?" Gharib aliuliza.

"Tutasoma Ijumaa baada ya Alasiri. Ami zako wana haraka gani? Wameacha chungu motoni huko Faza?"

Gharib alimtazama Mastura juu ya kichwa cha mamake. Hakusema samahani, buibui la mamake lilikuwa limemjaa mikononi na macho yake yalitosha. Mastura akainamisha uso kwenye kazi yake, upesi, ili tabasamu lisionekane na Karisa. Lilionekana.

*

Jumatano ile na Alhamisi rangi haikupita kijani. Ijumaa asubuhi walikuja watu. Walikuja ami wawili kutoka Faza, wakasimama nje barazani na kofia zao za vito zilizodariziwa, wakisubiri kumpokea ndugu yao. Akaja Bi Shekha, dadake Bi Khamisa, mama wa Hafidha, yule binti ambaye kwa miaka miwili amekuwa akitajwa nyumbani kila Gharib anapoulizwa lini ataoa. Bi Shekha aliingia wodini bila kuuliza, akasimama miguuni mwa kitanda.

Bi Khamisa hakugeuka kumsalimu. Alikuwa na kazi.

Alichemsha, akahesabu, akatikisa. Rangi ikabaki buluu, buluu kama siku ilipotoka kwenye chupa yake. Akakipitisha kichupa mbele ya Mastura, kisha, bila ya kuombwa, mbele ya Karisa na mbele ya wagonjwa wa upande wa pili, mmoja mmoja. Akaifuta chupa ya insulini kwa spiriti, akaigeuza kichwa chini, akavuta, akaligonga bomba kwa ukucha hewa ipande, akaisukuma nje.

"Alama gani?" Mastura aliuliza.

"Ya ishirini. Haizidi hata kama shetani mwenyewe ananiambia izidi."

"Jana ulimdunga wapi?"

"Paja la kulia. Leo la kushoto. Kesho tumbo."

"Asipokula asubuhi?"

"Simdungi kama siku zote. Namleta hapa tuulize."

"Akitetemeka, jasho likamtoka, akasema maneno yasiyoeleweka?"

"Sukari imeshuka. Vijiko viwili kwa maji, upesi, kabla sijamwita mtu yeyote. Siku hiyo sukari ndiyo dawa."

"Na chupa nyumbani kwako, huna friji?"

"Kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko kwenye mtungi mdogo wenye mchanga na maji, chini ya kitanda, pasipofika jua. Nimeshauweka tangu jana." Bi Khamisa akabana ngozi ya paja la mumewe, akadunga, akasukuma, akatoa. Mzee Fumo hakusema hata "ah".

"Umesikia?" alimuuliza.

"Kama mbu," Mzee Fumo alijibu. "Na mbu wa hapa wana mkono mzito kuliko wewe."

Watu wakacheka. Mastura alikaa mezani, akatoa karatasi ya ruhusa, akaandika jina la mgonjwa, na pale penye nafasi ya jina la mtu wa kumwangalia nyumbani akaandika Khamisa, polepole, kwa mwandiko wake mzuri kabisa. Moyo ulimjaa. Alikuwa ametoa wagonjwa wengi kwenye wodi ile. Huyu alikuwa anamtoa akijua kwamba ataishi.

Bi Shekha ndiye aliyeharibu furaha.

"Kwa hiyo huyu ndiye," alisema, akimtazama Mastura kuanzia viatu. "Aliyemfunga shemeji yangu kwa siku tatu, watu wakarudishwa na sinia zao. Wallahi dada, umevumilia. Hafidha wangu asingethubutu kumfanyia mtu mzima hivyo."

Gharib akapiga hatua moja mbele, lakini mamake alimtangulia. Alikuwa anafuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Kweli, asingethubutu," Bi Khamisa alisema. "Hafidha ni mtoto mzuri, angeniambia ndiyo. Ami zake Gharib wangeniambia ndiyo. Mwanangu wa kumzaa ameniletea madafu akaniambia ndiyo. Na leo ningekuwa nimekaa eda, Shekha." Akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu walipojuana akamtazama Mastura bila kumpima. "Mtu mmoja tu ndiye aliyeniambia hapana. Akaniambia na huku anajua mimi ndiye mwenye kumkubali au kumkataa."

Bi Shekha akarudi nyuma hatua moja.

"Mastura."

"Labeka, Mama."

"Kamwambie mamako Mambrui kwamba Ijumaa ijayo, baada ya swala, tunakuja. Mimi, na hawa ami zake walioko nje. Tuna neno la kuzungumza naye."

Wodi nzima ilimgeukia Mastura. Gharib alikuwa amesimama nyuma ya mamake, buibui mkononi, uso umemng'aa kama mtu aliyetolewa gizani. Mastura alimtazama, na yote aliyotaka kumwambia kwa miezi mingi yalikuwa pale, karibu sana. Ilikuwa rahisi kusema inshallah na kuinamisha kichwa. Lakini alikuwa ameshaitazama orodha ya zamu ubaoni.

"Ijumaa niko kazini, Mama," alisema. "Kuna wagonjwa wawili wa sukari wanaingia, na jamaa zao hawajafunzwa."

Nje barazani ami mmoja alisikika akisema, "Amesemaje?" Gharib akafumba macho.

Bi Khamisa alilichukua buibui lake kutoka kwa mwanawe, akalitandaza, akalivaa bila haraka, akalinyoosha mabegani. Kisha akamshika mumewe mkono ili atembee mwenyewe mpaka mlangoni.

"Basi Jumamosi," alisema.